Mwanamke na misuli: tunapima hamu ya nguvu au hamu ya kutazamwa?

Muulize mwalimu yeyote wa jimu, kuanzia Sinza mpaka Tabata, wanawake wanaokuja kujiandikisha wanataka nini. Majibu yatafanana. Tumbo liondoke, makalio yainuke, mapaja yakaze, nyama za chini ya mkono zisitikisike. Halafu linafuata sharti, mara nyingi kabla hata ya kuulizia bei: mwili ukaze, lakini nisiwe baunsa. Mwanaume anayepita mlango huohuo hana sharti la namna hiyo. Yeye akiambiwa ameanza kuwa baunsa, anafurahi.

Nalitaja sharti hilo kwa sababu linagusa kiini cha mjadala unaoendelea miongoni mwa watafiti wa taswira ya mwili, yaani namna mtu anavyouona mwili wake, anavyoufikiria na anavyojisikia akiwa ndani yake. Kwa miaka mingi maswali ambayo wanawake waliulizwa yalihusu wembamba. Ya misuli yaliachwa kwa wanaume. Leo wanawake wa Dar es Salaam wananyanyua vyuma, wanapiga tizi Coco Beach kabla jua halijachomoza, wanavuka Daraja la Tanzanite wakikimbia na fulana za klabu zao. Je, hamu yao ya misuli inaweza kupimwa? Na ikipimwa, alama zitatuambia nini kuhusu afya yao?

Kipimo kinachotajwa kuliko vyote katika eneo hili kilichapishwa mwaka 2000 na Donald McCreary na Doris Sasse. Ni hojaji yenye sentensi 15, na kila sentensi mtu anaijibu kwa kuchagua ngazi moja kati ya sita, kuanzia "kila mara" hadi "kamwe". Sentensi zenyewe ni za aina hii: natamani ningekuwa na misuli zaidi, nanyanyua vyuma ili nijenge misuli, nikikosa siku ya mazoezi ya vyuma najiona nina hatia, natumia virutubisho vya protini, najitahidi kula chakula cha kutia nguvu kwa wingi kadiri niwezavyo kwa siku, naona kifua changu hakina misuli ya kutosha, nimefikiria kutumia steroidi (dawa za kukuza misuli), ningependeza zaidi kama ningeongezeka ratili 10, ambazo ni kama kilo nne na nusu. Alama zikiwa juu, inasemekana hamu ya misuli ni kubwa.

Hojaji ilijaribiwa kwa vijana wa kike na wa kiume. Wavulana walipata alama za juu kuliko wasichana, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Lililofuata ndilo linalohitaji kutafakariwa. Kwa wavulana, alama za juu ziliambatana na kujiona duni na dalili za sonona. Kwa wasichana uhusiano huo haukuonekana.

Matokeo hayo yanasomeka kwa namna mbili. Unaweza kusema wasichana hawana hamu kubwa ya misuli, na wale wachache walio nayo haiwadhuru. Au unaweza kusema hamu wanayo, ila hojaji haikuiuliza. Zirudie zile sentensi ukiwa mwanamke wa Kijitonyama anayejitahidi kupunguza tumbo la uzazi. Uongezeke kilo nne na nusu? Ule kadiri uwezavyo? Ulalamikie misuli ya kifua? Mwanamke anayetaka mgongo wenye mstari, bega la mviringo na tumbo lililokaza atajibu "kamwe" karibu kila mahali, na karatasi itamwandika kuwa hana hamu ya misuli, ilhali kesho alfajiri yuko mchangani anapiga skwati mpaka miguu itetemeke. Mwaka 2004 McCreary na wenzake walipochambua tena hojaji hiyo, waliona kwamba kwa wanaume sentensi zinagawanyika vizuri katika mafungu mawili, mitazamo na vitendo. Kwa wanawake hazikugawanyika hivyo. Hilo peke yake lilitosha kuonya kwamba karatasi moja ilikuwa inasomwa na watu wawili kwa njia tofauti. Mwaka 2018 Rachel Rodgers na wenzake walitoa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya wanawake, kwa kutambua kwamba misuli anayoitamani mwanamke kwa kawaida haiendi pamoja na kutaka mwili mkubwa.

Kwa hiyo vifaa sasa vipo. Ubishi uliobaki ni kama tunapaswa kuvitumia, na tukivitumia tusome nini ndani yake.

Wanaosisitiza kwamba hamu hii ipimwe wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema sura ya uzuri imebadilika bila kupunguza mzigo wake. Zamani msichana aliyefuata majarida aliambiwa awe mwembamba. Sasa kwenye Instagram anaambiwa awe mwembamba na akaze, na misuli haiwezi kuonekana kwenye tumbo mpaka mafuta yawe yametoka kwelikweli. Ni madai mawili mahali palipokuwa na moja, na la pili limevikwa nguo ya afya, kwa hiyo ni vigumu kulikataa. Mwaka 2015, huko Australia, Marika Tiggemann na Mia Zaccardo waliwachukua wanafunzi wa kike 130 wa chuo kikuu wakawaonyesha picha. Baadhi walitazama picha za kuhamasisha mazoezi, wengine walitazama picha za safari. Waliotazama za mazoezi walibaki na huzuni zaidi, wakawa hawaridhiki na miili yao, na wakajiona hawapendezi kuliko wenzao. Kilichobeba athari hiyo kwa sehemu kubwa ni kujilinganisha. Picha zile ziliwekwa ili zitie moyo, nazo ziliwavunja moyo waliozitazama.

Kuna hoja nyingine ya upande huu, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Madhara ya njia hii hujificha. Hapa kwetu mwanamke akikonda ghafla hatapita mtaa mzima salama. Jirani atamwuliza anaumwa nini, shangazi atapiga simu, na wapo watakaonong'ona juu ya ugonjwa ule ambao kwa miaka mingi mji huu uliutambua kwa macho kwa kuangalia nani amepungua. Lakini mwanamke anayekwenda jimu asubuhi na jioni, akala mayai na matango, akakataa ubwabwa wa shughuli na akajilaumu akikosa siku moja, huyo anasifiwa. Anaambiwa ana nidhamu. Siku zake zinapokatika kwa sababu mwili unatumia nguvu kuliko unacholishwa, hakuna anayejua, na mara nyingine yeye mwenyewe huchukulia ni nafuu. Kumbe hapo mifupa imeanza kupoteza madini yake. Ugonjwa wa kujiona huna misuli hata ukiwa nayo ulielezwa na Harrison Pope na wenzake miaka ya 1990 kwa kuwaangalia wanaume waliojenga miili, na mwaka 2013 ukaingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kama sura mojawapo ya tatizo la kuona kasoro mwilini zisizokuwepo. Mwanamke hakuwa mbele ya macho ya waliouandika kwanza. Ukitumia kipimo kisichomwona, utaandika kwamba tatizo halipo.

Sasa upande wa pili. Hawa wanasema: mbona mwanamke akitamani chochote kuhusu mwili wake lazima tumtafutie ugonjwa? Kujenga misuli ni jambo jema kitabibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, mbali na zile dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kutembea haraka na mengine ya kiasi hicho. Misuli husaidia mwili kutumia sukari, hulinda mifupa na humwezesha bibi kusimama mwenyewe kutoka kwenye kiti. Na hitaji hilo kwetu ni la kweli: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na mijini hali ni nzito kuliko vijijini. Katika mji wa namna hii, wanauliza, hamu ya misuli kwa mwanamke si habari njema?

Wanaongeza kwamba hofu ya kuwa baunsa ndiyo inayowadhuru wanawake wengi kuliko hamu ya misuli. Inawabakiza kwenye mashine ya kukimbilia, wasiguse vyuma. Hofu yenyewe haina msingi mkubwa. Homoni ya testosteroni, inayowasaidia wanaume kujenga misuli mikubwa, kwa mwanamke huwa chini mara kumi na tano hivi ukilinganisha na mwanaume. Mwanamke hawezi kuamka siku moja akakuta mabega yamefumuka kwa sababu alinyanyua kilo ishirini. Wanaofika huko wamefanya kazi ya miaka, na wengine wamejidunga steroidi.

Hofu hiyo haikuanzia jimu. Mwanamke mwenye umbo lisilotarajiwa ana jina hapa: jike dume. Mwezi Agosti 2021, katika hafla ya kuwapongeza vijana wa timu ya taifa ya soka pale Ikulu Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alizungumzia pia wanasoka wa kike, akasema baadhi yao wana vifua bapa kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni wanaume, na kwamba sura hiyo inawapunguzia nafasi ya kuolewa. Ni haki kusema kwamba alikuwa anazungumzia pia ugumu wa maisha unaowakuta wachezaji wakishaacha soka, na ugumu huo upo. Lakini maneno yaliyobaki masikioni mwa watu ni yale ya vifua, na wapo walioyapinga waziwazi, wanawake kwa wanaume. Mwaka uliofuata Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake wa Afrika, kwa mapaja na mapafu yaleyale yaliyokuwa yakijadiliwa. Mchezaji wa Twiga Stars anahitaji misuli kama seremala anavyohitaji randa. Ukimpa hojaji ile akasema ndiyo, natamani misuli zaidi, miguu yangu haitoshi, nikikosa mazoezi najilaumu, utamhesabu miongoni mwa wasioridhika na miili yao. Utakuwa umekosea kabisa.

Mimi naona upande huu una haki hapa, ila unakwenda mbali unapotaka kipimo kitupwe. Mchezaji yule na msichana anayejipiga picha kila baada ya seti wanaweza kupata alama zilezile, na wanataka vitu viwili tofauti. Mmoja anataka mwili uweze. Mwingine anataka mwili uonekane. Mwaka 1997 Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts walieleza jinsi wanawake wanavyofunzwa tangu utotoni kujitazama kwa macho ya anayewatazama, mpaka jicho hilo la nje likawa ndani yao. Hamu ya misuli inaweza kuwa njia ya kutoka kwenye jicho hilo, na inaweza kuwa njia mpya ya kulitumikia. Jumla ya alama haisemi ni ipi.

Kuna utafiti mmoja ambao kila upande unaushika kama wake. Mwaka 2012 Kristin Homan na wenzake waliwaonyesha wanafunzi wa kike picha za wanawake wenye miili ya mazoezi. Waliowaona wanamichezo wembamba walitoka hawaridhiki na miili yao. Waliowaona wanamichezo wenye uzito wa kawaida hawakupata athari hiyo. Mimi nausoma hivi: misuli kwenye picha haikuwa na kosa, wembamba uliofungamana nayo ndio uliouma. Kama ni hivyo, kipimo kinachouliza misuli peke yake bila kuuliza wembamba kitakuwa kinashika mkia na kuacha mnyama.

Haya yote yamesemwa kutoka nje. Tukiyaleta Dar es Salaam mambo yanageuka kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, haijapewa uzito unaostahili.

Uzuri wa mwili wa mwanamke hapa haukuwahi kuwa wembamba wa majarida ya Ulaya. Umbo la namba nane ndilo linalosifiwa kwenye nyimbo za harusi na kwenye vijiwe: kiuno chembamba, nyonga pana, makalio yenye uzito. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa anaambiwa ndoa imemkubali. Kwa hiyo mwanamke wa Dar anayepiga skwati mara nyingi hatafuti kile anachotafuta mwanafunzi wa Australia. Anatafuta namba nane kwa njia ya chuma. Wengine wanaitafuta kwa vigodoro vya kuvaa ndani, wengine kwa vidonge vya kunenepesha na krimu za kukuza makalio zinazotangazwa mitandaoni bila daktari wala maelezo ya kilichomo. Hojaji ya mwaka 2000 inauliza kuhusu steroidi. Swali hilo si la kufuta, kwa sababu madhara ya steroidi kwa mwanamke ni makubwa, sauti kuwa nzito, ndevu kuota na siku kuvurugika, na sauti ikishabadilika huenda isirudi. Lakini mlango wa hatari unaopitiwa zaidi mjini humu ni mwingine, na kipimo kisichouuliza kitapita pembeni yake.

Vipimo vya picha navyo havisaidii. Ile safu ya michoro tisa ya miili iliyotolewa na Albert Stunkard na wenzake mwaka 1983, ambayo bado inatumika, inaanzia mwembamba kabisa hadi mnene kabisa. Ndani yake hakuna mwanamke aliyekaza. Mwenye misuli hana pa kuweka alama, na mwenye namba nane naye hana, kwa kuwa michoro hunenepa mwili mzima kwa pamoja. Hata hesabu ya uzito kwa urefu haitofautishi kilo ya misuli na kilo ya mafuta.

Nenda sasa Kunduchi, kwenye machimbo ambako wanawake wanapasua kokoto kwa nyundo. Nenda Feri mapema uwaone wanaobeba ndoo za samaki, au Buguruni na Mabibo kwa wanaoinua magunia. Hawa wana mabega na mikono ambayo mteja wa jimu ya Masaki analipia kwa mwezi ili aipate. Hakuna anayewapiga picha za kuhamasisha. Muulize mmoja wao kama anatamani misuli zaidi, huenda akakushangaa, kwa sababu misuli hiyo ni alama ya kazi ngumu na ya kukosa mtu wa kumsaidia. Anachotamani binti yake apate ni mikono laini. Misuli ileile, ikitoka kwenye nyundo ni dhiki, ikitoka kwenye chuma cha jimu ni hadhi. Hojaji inayouliza "unanyanyua vyuma?" itamwandikia sifuri kwenye vitendo, na itampa alama za juu mwanamke anayenyanyua uzito mdogo kuliko ndoo yake ya samaki.

Ninakaa kwenye jambo hili kwa sababu linaonyesha kasoro ambayo kutafsiri hojaji vizuri hakutaiondoa. Kipimo kimejengwa juu ya dhana kwamba misuli ni jambo la hiari, la muda wa mapumziko, na kwamba anayefanya kazi ya misuli anafanya kwa sababu anaitaka. Kwa sehemu kubwa ya wanawake wa mji huu dhana hiyo si kweli. Na tabaka hilo likiachwa nje ya utafiti, tutapata picha ya wanawake wenye simu nzuri na ada ya jimu, kisha tuiite picha ya mwanamke wa Dar es Salaam.

Hatuanzi na mikono mitupu. Tafiti mbili zilizowahusu wanawake wa nchi hii zinatupa pa kushika. Ule wa Kamryn Eddy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, uliangalia matatizo ya ulaji miongoni mwa wanawake wa Tanzania na ukayahusisha na vyombo vya habari na utandawazi. Ulikuwa wa chakula na wembamba, wakati ambapo simu ya mkononi haikuwa bado kioo cha kila mtu. Mwingine, wa Kelly Lewis na wenzake wa mwaka 2011, ulizungumza na wanawake 42 wa Dar es Salaam waliokuwa wakijichubua. Ungedhani sababu ni moja tu, kutaka weupe. Wanawake wenyewe walitaja sababu nyingi: kuondoa chunusi na vipele, kupata ngozi laini, kuwavutia wanaume, kuonekana kama Wazungu. Kitendo kimoja, nia nyingi. Kama watafiti wangewapa hojaji ya kuweka alama tu, wangepata namba na kukosa habari. Sioni kwa nini misuli iwe tofauti.

Na kama mtu atasema hatuna uwezo wa kujitengenezea vipimo, ajue tumekwisha kufanya hivyo. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake, baada ya kujaribu hojaji ya sonona iliyotoka nje, walitengeneza yao yenye vipengele 19 na kuipa jina la mji huu. Kilichowezekana kwa sonona kinawezekana kwa taswira ya mwili.

Msimamo wangu basi ni huu. Hamu ya misuli kwa wanawake ipimwe, kwa sababu madhara yaliyofichwa nyuma ya sifa ni ya kweli, na daktari au mwalimu wa mazoezi hawezi kuyaona kwa macho. Lakini alama isisomwe kamwe peke yake. Kila sentensi inayouliza "unataka misuli?" ifuatwe na inayouliza misuli hiyo ni ya kufanya nini: kubeba mtoto na ndoo kwenye ngazi za ghorofa, kucheza mpira, kupona mgongo, kuvaa gauni la sendofu, kumrudisha mume, kupata wafuasi. Mtu anaweza kuwa na sababu tatu kwa pamoja, na hilo liruhusiwe kwenye karatasi. Pembeni yake kiwekwe kipimo cha namna mwanamke anavyothamini kile ambacho mwili wake unaweza. Jessica Alleva na wenzake walitengeneza cha aina hiyo mwaka 2017, chenye maneno yaliyo rahisi kuendana na mazingira yetu. Mwanamke mwenye hamu kubwa ya misuli na shukrani kubwa kwa mwili wake hayuko hatarini kama yule mwenye hamu hiyohiyo anayeuchukia mwili unaomfikisha kazini.

Wapinzani wa kipimo watanijibu kwamba hata maswali haya ni kumwingilia mtu, na kwamba mwanamke aliyekuja jimu kupumzisha kichwa hana wajibu wa kueleza nia zake. Nakubaliana nao nusu. Mwalimu asigeuke mpelelezi, na hakuna fomu ya jimu inayopaswa kumpa mtu jina la ugonjwa. Yapo maswali mawili tu ambayo ningetaka kila mwalimu ayajue na ayaulize faraghani, kwa heshima, bora zaidi akiwa mwalimu wa kike au katika zile saa zilizotengwa kwa wanawake: siku zako zinakwenda sawa, na kuna kidonge, krimu au unga wowote unaotumia? Jibu la kwanza likiwa hapana, au la pili likiwa ndiyo, mtu apelekwe kwa daktari kabla ya kuongezewa uzito. Mengine ni ya watafiti, kwa ridhaa ya anayeulizwa.

Nao watafiti, wawe wa Muhimbili au wa Mlimani, nawasihi waanze kuzungumza na wanawake wa Kunduchi na Feri kabla ya kwenda Masaki. Hojaji hujengwa kutokana na maneno ya waliosikilizwa kwanza, na wanaofuata hulazimika kujipima kwa maneno hayo. Ikianzia jimu, mpasua kokoto ataingia kwenye utafiti akiwa sifuri. Ikianzia kwake, mteja wa jimu bado atapata pa kujieleza, kwa sababu naye ana mikono, ana mgongo, na ana kazi anazotaka viweze kuzifanya.